Mtunza Kompyuta ya Kwaya

Waliponiomba nitunze kompyuta ya kwaya, ningeweza kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi na mdomo wangu siku hiyo ulikuwa mzima. Lakini nilisema nimekubali kabla shemeji yangu hajamaliza kuuliza, na nikaongeza, bila mtu kuniuliza, kwamba mambo ya mashine hayajawahi kunishinda.

Shemeji huyo ni mdogo wa mke wangu na ndiye kiongozi wa kwaya. Sisi tuliotoka Kivu ya Kusini ndugu wa mke tunamwita bofrere, na mtu aliyechaguliwa kuongoza kitu chochote, hata kikundi cha kusafisha kisima, tunamwita prezida. Kwa hiyo alikuwa Bofrere akiwa kwangu na Prezida akishavuka uzio. Alikuja na wajumbe wa komite baada ya ibada, wakakaa kwenye benchi mbele ya nyumba yetu hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, wakaeleza kwamba shirika moja limewapa kompyuta. Si mpya, walisema, ila inawaka. Walitafuta mtu mzima, mtulivu, aliyesoma. Walipotamka "aliyesoma" wote waligeuza macho upande wangu.

Mimi nilimaliza sekondari zamani, kule Kongo. Tangu nifike kambini hakuna aliyewahi kunihitaji kwa ajili ya hilo. Nilikuwa nalima mahindi sawasawa na jirani yangu asiyejua kuandika jina lake, na mahindi yake yalikuwa mazuri kuliko yangu.

Mke wangu alikuwa mlangoni akichambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Kataa," alisema. "Weye hata redio unaizimaka kwa kuitoa mawe ndani."

Wajumbe, wanaojua kwamba mawe ya redio kwetu ni betri, walicheka. Nilicheka nao, huku moyoni nikikubali kwa mara ya pili.

Kompyuta iliwekwa katika chumba cha udongo nyuma ya kanisa, karibu na ngoma. Umeme wake ulitoka kwenye jua, hivyo jua likizama na mimi nilikuwa si mtu tena. Ilikuwa inatumia Linux, ule mfumo wa bure wenye alama ya ndege mnene asiyeruka. Shirika lilitupa mafunzo kidogo, na mwalimu akatufundisha njia mbili za kuiamuru. Ya kwanza ni kwa kipanya, unabofya picha, na ukitupa faili linaingia kwenye kapu la taka ambamo unaweza kuliokota ukijuta. Ya pili ni dirisha jeusi. Humo unaandika amri kwa herufi, na mashine inatenda. Haiulizi kama una hakika, na ikishafuta hakuna kapu.

Mwalimu alirudia mara nyingi kwamba wazee tushike kipanya. Mimi niliona kipanya ni mchezo wa watoto. Dirisha jeusi ndilo lililonifaa. Katika nyumba yangu hakukuwa na kitu kilichonitii hivyo. Hata kuku nilikuwa nawaita mara tatu.

Nikaanza kwenda kazini na shati lenye mfuko, na mfukoni kalamu za rangi mbalimbali, ingawa kompyuta haihitaji kalamu. Waimbaji walipokuja kuchungulia niliandika ile amri inayoonyesha tu orodha ya mafaili. Majina yalipokuwa yakipanda kwenye kioo, nilikunja uso, nikatikisa kichwa kidogo, nikasema "mm" kama daktari anayesoma picha ya mapafu. Mama wa sauti ya pili walinong'onezana kwamba huyu mzee anajua. Kusema kweli nilikuwa najua amri chache zisizojaza kiganja, na mojawapo ilikuwa ya kufuta.

Kulikuwa na shida nyingine ambayo sikumwambia mtu. Mashine ilijibu kwa Kiingereza, na mimi nilisomea Kifaransa. Tukapatana kimyakimya. Ikinijibu kwa mstari mrefu, nilisema asante, nikaendelea na nilichokuwa nataka.

Sasa lazima niseme kilichokuwa ndani ya kompyuta ile, maana bila hicho habari hii ingekuwa ya kuchekesha tu.

Mke wangu ndiye aliyekuwa akiimba peke yake pale kwaya inapovuma chini. Watu walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Kisha akaota rovu, uvimbe wa shingo, ukakua hadi nguo zake za shingo ndogo zikamkataa. Hospitali ya Mbarara walisema utolewe, na daktari akamwonya kwamba sauti huenda ikabadilika. Kabla hajaenda, Bofrere alipanga arekodiwe. Alivaa kitambaa shingoni, kana kwamba kipaza sauti kina macho, akaimba wimbo aliotunga mwenyewe wa kushukuru mvua. Aliimba vizuri kiasi kwamba mpiga ngoma alisahau kupiga. Ila alichanganya beti, wa tatu ukatangulia wa pili, na alipomaliza alikasirika. Alikataza wimbo ule usitumwe kwa mtu.

"Nitaurudilia nikipona," alisema.

Nyimbo nyingine zote tulikuwa tunazituma kwa ndugu waliohamia nchi za mbali. Huo peke yake haukutumwa popote.

Upasuaji ulikwenda salama na shingo ikawa laini kama ya bibi harusi. Sauti ndiyo iliyorudi chini na nzito, kama mtu anayeburuta meza chumba cha pili. Kuongea aliongea, na kunigombeza hakupungukiwa na kitu. Kuimba kulikataa. Siku moja nilikuwa nyuma ya migomba, yeye akidhani yuko peke yake shambani. Alijaribu mstari wa kwanza, akaishia katikati, akaendelea kupalilia. Sikujitokeza.

Kwa hiyo sauti yake ilikuwa imebaki katika faili moja. Alikuwa pia na nakala kwenye simu, na akipika aliiweka simu juu ya gunia la unga, akausikiliza. Kisha simu ikaanza kulalamika kwamba imejaa. Aliniletea mimi kama mtaalamu. Nilipima lile lalamiko, nikakunja uso, nikamwambia kitu kikubwa humo ni wimbo, na wimbo si tayari uko kwenye ordinatere, yaani ile kompyuta, mahali pa usalama? Nilimweleza kwamba simu ni mfuko wa suruali lakini ordinatere ni nyumba yenye kufuli. Nikaufuta kwa kidole changu mwenyewe, nikamrudishia simu ikiwa nyepesi.

Karibu na sikukuu, kompyuta nayo ilijaa. Kulikuwa na folda mbili kubwa. Moja iliitwa Nyimbo, ambamo zilikaa nyimbo nzuri, wa mke wangu ukiwamo. Nyingine iliitwa Mazoezi, na humo kulikuwa na vikohozi, ugomvi wa sauti za tatu, na mbuzi mmoja aliyeingia katikati ya haleluya. Niliamua kusafisha Mazoezi. Nilichagua alasiri, jua bado lina nguvu, na mama wawili wa kwaya wamesimama mlangoni wakinitazama. Bila hao mama nadhani ningetumia kipanya.

Nilikuwa ndani ya Nyimbo. Nikaandika amri ya kuhamia Mazoezi. Mashine ikanijibu kwa mstari mrefu wa Kiingereza. Leo najua ilikuwa inaniambia kwamba hapo nilipo hakuna mahali paitwapo hivyo, kwa sababu Mazoezi ilikaa sehemu nyingine kabisa. Wakati huo nilisema asante. Kisha nikaandika amri ya kufuta kila kitu, na kila kilicho ndani ya kila kitu, nikainua kidole juu kidogo ili mama wale wakione, nikabonyeza.

Mashine haikusema lolote. Niliupenda ukimya ule.

"Imekuwa safi," niliwaambia.

Mmoja karibu apige makofi.

Walipoondoka nilifungua Nyimbo kutaka kujipumzisha na wimbo. Haikuwa na kitu. Nilidhani kioo kimechoka, nikakifuta kwa kitambaa. Nikazima mashine, nikaiwasha. Nikafungua Mazoezi, na humo vitu vyote vilikuwapo, vikohozi, ugomvi, na yule mbuzi.

Siku hiyo nilirudi nyumbani kwa njia ya ziwani, ambayo ni ndefu na haina sababu. Mke wangu alikuwa anasonga ugali. Nilimwambia ordinatere imepata ugonjwa mdogo.

"Wimbo yangu iko?" aliuliza.

"Iko. Ila haiko fasi yake."

"Iko fasi gani?"

"Fasi hiyo njo tuko tunatafuta."

Aliweka mwiko chini. "Weye na nani?"

Hakupiga kelele. Aliendelea kunitazama mpaka nikasema yote, kuanzia ule mstari wa Kiingereza hadi kile kidole nilichokiinua. Alisikiliza mpaka mwisho, akageuza ugali ambao tayari ulikuwa umeungua upande mmoja, akanipakulia upande ule.

Bofrere alikuja asubuhi. Nilikuwa nimejiandaa kunyang'anywa ufunguo, na laiti angenyang'anya. Yeye alikuwa na fikra nyingine. Katika kwaya yetu kuna desturi. Kitu kikipotea, iwe kadi ya chakula au mbuzi au barua ya kuitwa mahojiano, tunaingia katika mfungo na maombi, na maombi hayo tunayarekodi. Tunarekodi ili Mungu akitenda, ushuhuda uwe kamili. Watu wasikie kwanza tulivyolia, kisha wasikie tulivyocheka. Rekodi hizo hutumwa kwa ndugu wa mbali, na kule, wanatuambia, huwatoa machozi kuliko nyimbo.

Kwa hiyo tulifunga kwa ajili ya faili. Na maombi tuliyarekodi kwenye kompyuta ileile, maana hatukuwa na nyingine. Bofrere alipoangalia ndani alifurahi.

"Munaona," aliwaambia waimbaji, "leo nafasi iko mingi."

Hapa ndipo kosa langu la kweli lilipo, zaidi ya kidole. Mwalimu wa mafunzo aliwahi kutuambia, kwa kupita tu, kwamba mtu akifuta kitu kwa bahati mbaya aondoe mikono kwenye mashine, aizime, asiweke kitu kipya humo. Nililikumbuka neno lile. Nililikumbuka kabisa, wakati waya wa kipaza sauti unachomekwa. Lakini Bofrere alikuwa ameshaniita mbele, ameshawaambia watu kwamba Papa, yaani mimi mzee wao, atatusimamia mitambo, na wote wamenigeukia kwa heshima ile ya zamani, kana kwamba sikufuta kitu. Nikajiambia mwalimu alikuwa anasema juu ya mashine za aina nyingine. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi.

Waliomba vizuri mno. Mtu wa besi alimwomba Mungu amkumbuke yule faili popote alipo, asipate baridi. Mama mmoja, ambaye hakuwa na hakika faili ni nini, alikiombea kipanya, kwa sababu alikiona kimelala pale na mkia wake, kinyonge. Mpiga ngoma alisema yeye hana maneno, akaomba kwa ngoma, muda mrefu. Na kwa kuwa rekodi ingekwenda nchi za mbali, kila mtu alitaka ya kwake iwe safi. Kuku akilia dirishani, Bofrere aliinua mkono na maombi yakaanza upya. Pikipiki ikipita, yakaanza upya. Mzee mmoja alianza upya kwa sababu aliona alipoanza hakulia vya kutosha. Mimi nilihifadhi kila jaribio, na lile lililoharibika pia, kwa sababu sasa nilikuwa naogopa kufuta.

Maombi yangu mimi yalikuwa marefu kuliko ya wote. Nilipokaribia mwisho nilikohoa. Nikaomba ruhusa ya kurudia kutoka mwanzo, na waimbaji, wenye njaa ya mfungo, wakaniruhusu.

Siku ya mwisho mke wangu alikuja akakaa benchi ya nyuma. Walipomletea kipaza sauti alikisukuma kwa upole kwa jirani yake. Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza kwa nini hakuomba.

"Niliomba," alisema. "Mungu anasikiaka bila micro."

Tulipofungua Nyimbo hapakuwa na kitu ila maombi. Bofrere alisema labda jibu limewekwa Mbarara, na kwa kuwa mke wangu alikuwa na siku ya kuonwa na daktari, mimi niende naye na mashine. Mvua ilikuwa inanyesha. Mke wangu aliifunga kompyuta kwenye kitenge chake, nikaikumbatia kifuani, na mahali pote tulipopita watu walinipisha. Tuliposhuka Ruti, pembeni mwa mji wa Mbarara, mama mmoja muuza ndizi alifunua kitenge kidogo kuangalia kama mtoto anapumua. Alikifunika tena, akarudi kwenye ndizi zake.

Fundi wetu alikuwa mwanamke wa makamo, Mwislamu, wa ukoo wa wafanyabiashara wa Mbarara, mwenye duka kando ya barabara ya Kabale. Alikuwa anauza vifuniko vya simu mbele na kutengeneza kompyuta nyuma, na aliongea kwa sauti ya kusikika pande zote mbili. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mjini, alichokiokota, alisema, kwa madereva wa malori waliokuwa wateja wa baba yake.

"Karibu, mzee. Huyu mgonjwa nalala toka lini?"

Nilimweleza. Alisikiliza akitafuna karanga. Akauliza baada ya kufuta tulifanya nini. Nilimwambia tuliomba. Akasema hiyo ni vizuri sana, na mashine je, tuliizima? Nikasema hapana, tulikuwa tunarekodia maombi.

"Narekodi wapi?"

"Humo."

"Humo ndani? Siku ngapi?"

"Mfungo mzima," alisema mke wangu. "Na bote barudilia mara mingi."

Fundi aliziba mdomo kwa ncha ya mtandio wake. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Alipopata pumzi alinivutia kigoda.

"Sikia, ssebo, mzee wangu. Wewe nafuta faili, mashine hapana choma. Yeye natoa jina tu. Kama kule kwenu Nakivale: kibao ya shamba natoka, lakini maharage bado iko pale nasimama. Mtu napita, naona hakuna kibao, nasema hii shamba ni bure. Nakuja na jembe, nalima juu. Hapo ndio maharage nakufa." Alimtazama mke wangu. "Sasa nyinyi nalima?"

"Tulilima," alisema mke wangu. "Na kwa nguvu."

Alitoa diski ndani ya kompyuta, kidude cha chuma kisichozidi kitabu cha nyimbo, akaiunganisha kwenye mashine yake ili ile yetu isiandike tena hata nukta. Kisha akawasha programu ambayo, alisema, haiulizi majina. Inatembea kwenye diski kutoka mwanzo hadi mwisho, na mahali inapoona kitu kinachofanana na mwanzo wa rekodi, inakifukua. Akatuambia twende hospitali, turudi baadaye.

Daktari aliisifu shingo. Mke wangu alimshukuru. Hatukuongea juu ya kitu kingine. Tulivuka mto kwenda Nyamitanga kumsalimia ndugu yetu mmoja, akatupikia matoke kwa mchuzi wa karanga, na mimi nilikuwa nahesabu muda wa kurudi badala ya kula.

Tuliporudi, kioo cha fundi kilikuwa kimejaa mafaili yasiyo na majina, namba tupu zilizofuatana. Ilibidi tuyasikilize moja moja. Wateja waliokuja kununua vifuniko vya simu walibaki kusikiliza. Kulikuwa na nusu ya wimbo wa Krismasi. Kulikuwa na robo ya wimbo wa harusi, ukafuatwa na mngurumo kama mvua juu ya bati. Kisha yakaja maombi, na hayo yalikuwa mazima. Mtu wa besi alimwombea faili asipate baridi. Mama alikiombea kipanya. Kuku alilia, Bofrere akasema tuanze upya, na tukaanza upya.

"Dua yenu," fundi alisema, "hata moja hapana potea. Mungu nachunga yote."

Aliendelea kubofya. Nilikuwa nimeanza kuzoea kukata tamaa, na hali hiyo ina raha yake. Ndipo ukaja mlio wa kiti kusogezwa, mtu akasafisha koo, na kwaya ikaanza kuvuma chini. Mke wangu aliweka mkono juu ya kaunta. Tulisikia pumzi ikivutwa. Kisha akaimba.

Sijui kuieleza sauti. Naweza kusema tu kwamba mteja mmoja aliyekuwa anabishana juu ya chaja alinyamaza, na fundi aliacha karanga mkononi. Mstari wa kwanza ulipita mzima. Wa pili ulianza, ukapanda pale ambapo siku zote ulikuwa unapanda, na ulipofika juu, katikati ya neno, mwanaume akasema kwa sauti kubwa:

"Bwana, naanza upya, maana pale kwanza nilikohoa."

Mwanaume huyo hakunyamaza tena. Alimshukuru Mungu kwa jua. Alimshukuru kwa umeme wa jua. Alimkumbusha Mungu kwamba yeye alisoma sekondari. Fundi alitazama spika, akanitazama mimi.

"Mzee, huyu ni wewe?"

Yule kwenye spika alikuwa anaendelea kunijibia.

Wa kwanza kucheka alikuwa mke wangu. Alicheka kwa ile sauti yake ya kuburuta meza mpaka akashika kaunta kwa mikono miwili. Fundi alifuata, kisha mtu wa chaja, kisha mimi, kwa sababu ningefanya nini? Tulipokuwa tunapangusa macho, mke wangu alinigeukia.

"Hata mu wimbo yangu," alisema, "unanikata maneno."

Fundi aliacha kucheka mapema kuliko sisi. Alirudi kwenye kioo akatafuta kipande kilichobaki. Alijaribu programu nyingine, akajaribu ya tatu, huku akiwaambia wateja waje kesho. Alipata vipande zaidi vya kwaya, na mbuzi. Ulipofika muda wa sala yake alikwenda nyuma, akasali, akarudi, akaendelea. Mwishoni mke wangu alimgusa mkono.

"Acha, binti yangu. Umechoka."

"Mama, mimi naweza kata sauti ya mzee. Nabakisha ile yako tu. Ni kidogo, lakini ni yako."

Mke wangu alifikiri. Nilimwona anafikiri, na nilitamani aseme ndiyo. Alisema hapana. Alisema mstari mmoja si wimbo, utamfanya kila siku angoje wa pili. Akamwomba afute, na safari hii fundi ndiye aliyeuliza kama ana hakika, mara mbili, kabla ya kubonyeza.

Tulirudi Nakivale na kompyuta ndani ya kitenge. Ufunguo nilimpa Bofrere mkononi, mbele ya kwaya, nikawaambia kila kitu, pamoja na lile neno la mwalimu nililolikumbuka nikalinyamazia. Mtu wa besi aliuliza kama maombi yake yamesalimika, na nilipomwambia yamesalimika aliona aibu kufurahi. Siku hizi nabeba viti. Kompyuta inatunzwa na mama mmoja wa sauti ya pili, anayetumia kipanya na anayesoma kila mstari anaojibiwa. Asipouelewa anaondoa mikono na kuuliza.

Mke wangu hakuninunia. Ananipakulia upande mzuri wa ugali, ananitania mbele ya wageni, na habari ya yule muuza ndizi wa Ruti anaisimulia yeye mwenyewe, vizuri kuliko mimi. Ila akipika, juu ya gunia la unga hakuna simu tena. Na mimi nikiwa peke yangu shambani hujaribu kuikumbuka sauti yake jinsi ilivyokuwa. Mstari wa kwanza unakuja. Wa pili ukianza kupanda, naingia mimi na kikohozi changu, na siwezi kujinyamazisha.

Nilikubali kutunza kompyuta ili watu wanione nimesoma. Kukubali huko kulinigharimu sauti ya mke wangu ya kuimba. Haiko kwenye simu, haiko Mbarara, haiko kwa ndugu wa mbali, na sasa haiko hata kichwani mwangu.